Fomu ya Siku Tatu za Nyumbani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini uvimbe wa mguu umepungua na usingizi unakuja walau kidogo. Mimi mwili haujambo. Ulilalamika kwamba siku hizi nakujibu kwa mkato kwenye simu, nami nikausingizia mtandao. Mtandao hauna kosa. Kuna jambo mdomo wangu unalikwepa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kaka anatembea sasa, ila kwenye ngazi lazima ashike ukuta. Mkono wa kulia bado mzito. Akianza kufunga vifungo vya shati, chai yake inapoa. Kumbukumbu ndiyo imegoma. Jambo la asubuhi, mchana halipo. Kwa hiyo yule mama wa mazoezi ya viungo pale hospitali alimpa daftari dogo la kuning'iniza shingoni, na humo anaandika kila kitu: amekula nini, nani amekuja, dawa amemeza saa ngapi. Akishaandika, basi, anaamini. Wenzake wodini walimwita Karani, naye akacheka kile kicheko chake cha kifua kizima, kama vile hakuwahi kuanguka kichwa chini akiwafungia watu feni.

Mwezi juzi waliniita kwenye kikao cha kupanga ruhusa yake ya kutoka hospitali. Daktari alieleza kwamba wodi imefanya iliyoweza, na kwamba mtu aliyeumia ubongo huendelea vizuri akiwa na watu wake. Afisa wa ustawi wa jamii akauliza nani atakuwa naye mchana, mlango wa choo una upana gani, jiko langu ni la aina gani. Wakaamua aje kwangu siku tatu za majaribio, kisha mimi nijaze fomu: ameweza nini, ameshindwa nini.

Nilikwambia kwamba aliacha gesi wazi nusura tuungue, hospitali ikakataa asikae kwangu, ikampeleka kituo cha kulelea wagonjwa nje ya mji. Ulilia, mama, halafu ukaniambia, "Pole mwanangu, umejitahidi."

Hakuacha gesi wazi. Alichemsha chai mara tano, na mara zote tano akazima jiko, akaandika "nimezima", akarudi kuhakikisha. Hakuanguka. Hakupotea. Alikunja hata blanketi lake.

Ila alinifuata kila nilikokwenda. Nikiingia bafuni, anasimama mlangoni. Nikitoka kununua mkate, namkuta dirishani jasho linamtoka. Jumapili mchana alisinzia kitini, nikalifungua daftari. Ukurasa mzima ulikuwa na maneno mawili: "Mdogo yupo. Mdogo yupo. Mdogo yupo." Nikageuza, na wa pili hivyo hivyo. Nikaona maisha yangu yote yamekwisha kuandikwa pale, kwa mwandiko wake uliopinda. Nikavuta fomu, na mbele ya neno "jiko" nikaandika uongo.

Hakuna aliyenitilia shaka. Daktari alipomsomea fomu, kaka alisema hakumbuki, lakini mdogo wake si mtu wa kusema uongo. Akaomba kalamu, akaandika: "Niliacha gesi wazi. Nusura nimuue mdogo." Tangu hapo, kila Jumapili nikienda kumwona kituoni, anafunua ukurasa ule na kuniomba msamaha, upya, kwa machozi.

Jumapili iliyopita nilishindwa. Nikamwambia, "Kaka, hukuacha gesi wazi. Nilidanganya."

Akanishika bega. "Usinionee huruma," akasema. "Hapa nakaa vizuri. Wewe uko salama."

Jana nilikwenda kwa yule afisa. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka akafunga ofisi, akanipita, akaniuliza kama namsubiri mtu. Nikasema hapana. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu ukishajua, sitakuwa na pa kujificha. Ukiipata barua hii nipigie, hata kama ni kwa hasira, uniamuru niingie.

Nisalimie shangazi na majirani wote wanaomuulizia. Kwa sasa usiwaambie kitu.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba