Nimeiona Kavu, Papa

Papa,

Nimenunua motokari. Usicheke. Najua unacheka, nakuona umeshika ule mgongo wako unaouma kila ukicheka. Wewe uliyesema mkanda wa kiti cha motokari ungefaa zaidi kufungia mbuzi, leo binti yako ana motokari mbele ya nyumba, rangi ya majivu, na mkanda wake unafunga vizuri, nimeujaribu.

Na kabla hujaniuliza: ndiyo, niliiona kavu.

Ngoja nianze mwanzo, maana sijui huko unaletewa habari gani. Tangu tulipokuzika mvua zimekwisha na zimerudi. Vikapu vyako vya samaki kwenye maporomoko anavitega mdogo wako, Tonton Bosco, na pirogue yako, ule mtumbwi wa mbao, ni yeye anayeitumia. Haikuuzwa. Kuna watu walinishauri niiuze ili niongezee pesa ya motokari. Niliwajibu kwa maneno ambayo hapa siyaandiki, kwa heshima yako.

Lakini habari kubwa ni mama. Papa, mama alikuwa anatutoka huku tunamwangalia. Hakuwa mgonjwa. Alikaa tu. Alikaa kwenye kile kiti chako kando ya mlango wa jiko, asubuhi mpaka jioni, na maneno yake yote yalikuwa ndiyo, hapana, na mumekula? Mama yule! Mama aliyekuwa akiuza samaki wa moshi huku anabishana na soko zima! Soko aliacha, kanisa aliacha. Na kaburini kwako hakufika hata mara moja tangu mazishi, na hilo ndilo lililokuwa likimla. Tulikulaza kando ya mama yako, kule njia ya Yangambi, kama ulivyotaka. Ni mbali, na watu wanakwenda kwa pikipiki. Na pikipiki mama hapandi tena.

Unajua sababu. Siku ile ulipoanguka tulikupeleka hospitali kwa pikipiki: dereva mbele, wewe katikati, mimi nyuma nimekubana kwa mikono yote miwili ili usidondoke. Mama alikimbia nyuma yetu mpaka sandali yake ikakatika, akabaki amesimama barabarani. Hakukuona tena ukiwa na macho wazi. Tangu hapo pikipiki ikipita mbele ya nyumba anageuza uso.

Donc niliamua. Mama atakwenda kwako akiwa amekaa kitini, mlango umefungwa, kama mke wa gavana. Hiyo tu. Motokari ya kujionyesha sikuitaka.

Pesa nilizipata wapi? Sikuiba. Nilianza na koperative moja ya mikopo, wakanieleza kredi yao vizuri sana, na kinywaji wakanipa. Nikawauliza: na samaki wakikosekana mwezi mzima, inakuwaje? Bwana yule akazungusha kalamu, akasema watakuja kuchukua motokari, na yale niliyokwisha kulipa yamekwenda. Bon, nikamaliza kinywaji chao, nikasimama. Nikarudi kwenye likelemba yetu ya akina mama wa samaki, kila mmoja anatia sehemu yake na zamu inazunguka. Zamu yangu ilikuwa bado mbali. Lakini nilipowaambia motokari ni ya kumtoa mama nyumbani, Mama Véro akanipa zamu yake palepale, na jirani yake naye akanipa ya kwake. Hata yule mwingine, ambaye mama aligombana naye miaka yote juu ya kopo la chumvi, alisema: “Umwambie arudie sokoni. Meza yake tuliiacha vile vile. Mimi nitagombana na nani?” Nililia mbele ya samaki, Papa, bila haya.

Motokari ya kwanza waliyonionyesha ilikuwa nyekundu, inang'aa, imepakwa mafuta mpaka kwenye matairi. Muuzaji naye alinukia vizuri. “Motere iko muzima kabisa, mama. Kamata funguo, uwashe wewe mwenyewe.” Ikawaka mara moja, pah! Moyo ukaniruka. Nilishamwona mama ndani yake, amevaa liputa lake, kile kitenge cha sikukuu. Mkono wangu ulikuwa unaingia mfukoni ndipo nikakusikia: “Maître, uliiona kavu?”

Maître. Hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu uende. Ulinipa jina hilo la mawakili nikiwa mdogo, kwa sababu nilitetea kila kesi ya nyumbani kama avoka, hata ya kuku aliyemwaga unga.

Unakumbuka Yanonge? Tulikwenda wawili kununua pirogue. Ilikuwa majini, inaelea vizuri, nami nilishaipenda. Ukamwambia mwenye nayo aivute mchangani. Akasema kwa nini, si unaona inaelea? Ukasema: “Unionyeshe kavu.” Tukakaa. Jua likapanda. Ukaomba maji, ukaomba kwanga, ule mkate wa mhogo, ukauliza habari za watoto wake wote kwa majina, mpaka yule bwana akakasirika waziwazi na mimi nikatamani ardhi inimeze. Na mbao zilipokauka, ufa ukafunguka polepole, kutoka mbele mpaka karibu na katikati. Kidole changu kiliingia. Alikuwa ameiloweka ili mbao zivimbe na ufa ufunge. Ulimshukuru kwa kwanga yake, tukaondoka.

Alors, motokari inakauka namna gani? Nikaweka kiganja juu ya kapo, kile kifuniko cha motere. Ilikuwa na joto. Asubuhi ile, na yeye ameniapia kwamba haijawashwa tangu jana! Motere iliyokwisha kupashwa joto inaficha magonjwa yake, kama mbao zilizolowa. Nikamwambia: nitarudi kesho mapema, usiiguse, mimi nitaigusa. Nikarudi kabla hajafungua lango, nikamngoja nimekaa juu ya jiwe. Sasa ilikuwa baridi. Ilikohoa, ikakohoa, ikagoma, na ilipowaka ilitoa moshi mweupe kama wa kwetu tukikausha samaki. Nikafungua kifuniko cha mafuta ya motere: chini yake kumegandamana kitu cheupe kama mayoneze. Hayo ni maji yaliyoingia kwenye mafuta. Nikainua zulia la miguu, nikanusa. Papa, harufu ya mto naijua kuliko harufu ya manukato yangu. Motokari hiyo ilikuwa imezama mahali. Nilimshukuru muuzaji, ingawa yeye hata kwanga hakunipa.

Hii ya majivu ni ya pili. Ilitoka mashariki kwa njia ya Ituri, na matope ya safari bado yalikuwa yamekauka chini yake. Ina mikwaruzo, na mlango mmoja wa nyuma haufungi mpaka uupige bega. Mwenye nayo alikuwa mwalimu mmoja, na hakuficha chochote, hata mlango alinionyesha yeye. Lakini sikwenda peke yangu. Nilikwenda na Jules, fundi wa Mangobo, na nilimlipa mimi mapema, ili asiwe na hamu ya kamisio ya muuzaji. Jules alilala chini yake kwenye vumbi akatafuta chuma kilichounganishwa kwa moto baada ya ajali. Akalinganisha namba iliyopigwa kwenye chuma na namba ya kwenye karatasi. Tukaiwasha ikiwa baridi, ikaitika. Tukaipeleka kwenye mashimo, siyo kwenye lami, tukaachia usukani kidogo tuone kama inavuta upande. Freni zilikuwa zimelika, matairi mawili yamekwisha. Jules akasema hayo ni mambo ya kununua tu, siyo ugonjwa wa motere. Tukayatoa kwenye bei.

Na karatasi! Wewe ukinunua pirogue ulichukua kafi zake siku ileile. Ulisema hutaki kurudi kesho kuomba kafi kwa mtu aliyekwisha kula pesa. Mwalimu alitaka nimpe pesa yote, halafu karte roze, ile karatasi ya mwenye motokari, ataileta wiki ijayo. Nikamwambia hapana, tonton, pesa na karte roze zitapishana juu ya meza moja. Alinung'unika, akapanda baiskeli, akaenda kuileta. Siku iliyofuata nikapeleka ibadilishwe kwa jina langu.

Assurance, ile bima, najua ungeipinga. Ungesema: nani alikata assurance ya pirogue? Lakini kumbuka Tonton Bosco alipogonga pirogue ya watu wa ng'ambo, na familia mbili zikaacha kusalimiana, hata kwenye matanga. Assurance ni kwa ajili ya hiyo. Ile ya lazima inamlipa mtu utakayemgonga, ili msichukiane. Motokari yako mwenyewe haiilipii, wala ikiibiwa. Nilimwuliza mama wa dirishani mpaka akachoka: hii inafunika nini, na nini haifuniki, inakwisha lini? Nikasoma kila mstari kabla ya kulipa. Sasa polisi wa roulage, wale wa barabarani, wakinisimamisha, ninawapa karatasi na ninawatolea meno.

Imebaki aibu moja. Kwa kuwa imetoka mashariki, kwa watu wanaotembea kushoto mwa barabara, usukani wake uko kuume, na sisi hapa tunatembea kuume. Jules alinionya: “Ukitaka kupita kamiyo, hautaona kitu. Utafute mutu ya macho akae kushoto.” Nilimwitikia tu habari hiyo ya malori, mawazo yangu yalikuwa kwa mama.

Nilipoileta nyumbani, mama aliitazama akasema: “Ndiyo.” Nikamwambia Jumapili tunakwenda kwa papa. Akasema: “Hapana.” Nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga teke ndoo. Motokari yote hii, zamu za watu, vumbi la Jules, halafu hapana!

Jumapili nilikuwa naifuta vioo kwa hasira wakati mlango ulipofunguka. Mama, liputa la sikukuu, kitambaa kichwani. Aliizunguka motokari polepole, akaja mbele, akaweka kiganja juu ya kapo, kama nilivyomsimulia. Ilikuwa baridi. Akafungua mlango, akakaa.

Papa, alikaa mbele kushoto, mahali ambapo hapa kwetu anakaa dereva. Watoto wa mtaa walipomwona, walikimbia wote nyuma yetu: “Mama iko anaendesha! Mama iko anaendesha!” Watu wakatoka na vijiko mkononi. Mama aliangalia mbele kwa ukali. Halafu, karibu na kona, akainua mkono kidogo akawapungia. Kama mke wa gavana kabisa.

Tulipotoka mjini tukalikuta mbele yetu lori la makaa, na watu juu ya makaa, na vumbi lake lote ni letu. Nilitoa pua ya motokari nje nipite, sioni kitu, nikarudi. Nikajaribu tena, nikarudi. Jasho likanitoka. Nikakukumbuka kwenye maji makali, wewe umekaa mbele unaona mawe, mimi nyuma na kafi ninaona mgongo wako tu. Ulikuwa unasema: bado, bado. Halafu: sasa! Na mimi nilisukuma bila kuona, sikuogopa hata siku moja.

Ndipo nikasikia kutoka kushoto: “Bado.”

Nilifikiri nimeota. Mama alikuwa ametoa kichwa dirishani, kitambaa kinapepea, macho ameyabana. “Bado.” Pikipiki ikapita ikielekea mjini, na hakugeuza uso. “Bado, Maître.” Nikaushika usukani kwa mikono yote miwili. “Sasa!”

Nilikanyaga, Papa. Tukapita. Watu wa juu ya makaa wakatupigia kelele za furaha, nami nikawa nalia kwa sauti. Mama akasema: “Utalia tukifika. Sasa uangalie njia.”

Kwako ulimsikia mwenyewe. Alikuambia bei ya samaki, na bati linalovuja, na vikapu ambavyo Tonton Bosco anavitega vibaya, na habari ya mimi kukataa kuolewa na yule bwana wa Basoko, ambayo nilidhani haijui. Jua lilihama, na mimi sikupata nafasi ya kusema hata bonjour. Ndiyo sababu ninakuandikia.

Sasa Jumatatu anarudi kwenye meza yake, samaki nyuma, yeye mbele. Ugomvi wa chumvi ameshauandaa.

Basi nakuacha, Papa, na mgongo wako usikuume tena. Nakuahidi mambo haya. Maji na mafuta nitayaangalia kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mafuta ya motere nitayabadilisha kabla hayajawa meusi, kama wewe ulivyoziba pirogue kabla haijavuja, na kila safari sehemu ya pesa inaingia kwenye kopo la maziwa, kwa ajili ya freni na matairi ya kesho. Sitapita lori lolote bila mama kusema. Na tutakuja kwako mara kwa mara, na safari ijayo nitaanza mimi kusema.

Ningeandika zaidi, lakini nasikia honi nje. Mimi niko hapa mezani, funguo ziko mfukoni mwangu. Ni mke wako, amejinyoosha mpaka upande wa usukani, na anapiga bila huruma.

Nakuja, mama! Bado, bado kidogo.

Binti yako,
Maître