Malipo ya Haruni

Jumatatu, 3 Februari

Seva zote ziko hai. Nimezikagua kabla ya chai, kama kila asubuhi. Wateja thelathini na mmoja: mahoteli, duka la dawa, madrasa mbili, wauza nguo. Tovuti zao zinakaa kwenye mashine zangu, nao wananilipa kwa mwaka. Thelathini hulipa kwa simu. Mmoja tu, Haruni, hulipa kwa sarafu za mtandaoni, kwa kuwa huko aliko benki hazitumi pesa nje.

Haruni hajalipa. Nimempelekea ukumbusho wa pili.

Leo sijasema na mtu ila Bi Zuhura, mpangaji wangu wa chini. Tumesalimiana ngazini. Basi.

Jumanne, 4 Februari

Haruni amejibu. Anasema alilipa wiki mbili zilizopita, na ameleta nambari ya malipo. Kiswahili chake ni cha mtaa wa Majengo, hapa mjini. Alizaliwa hapa, akarudi nchi ya kina babake akiwa mtu mzima.

Nimeitazama pochi ya kampuni ya mtandaoni, zinakoingia sarafu. Tupu. Nikaifuata ile nambari. Pesa zimetoka kwake kweli, lakini zimeingia kwenye anwani ya pochi nisiyoijua. Hila kongwe hiyo: mtu anajitumia mwenyewe, kisha anakuletea risiti. Nimemwandikia kwamba hatujapokea kitu.

Amejibu papo hapo: "Dada, itazame ankara yako. Nimelipa palepale uliponiambia."

Sikuitazama. Yeye ni nani wa kunifundisha kazi yangu?

Alhamisi, 6 Februari

Nimemfungia tovuti saa nne asubuhi.

Ubaya wa sarafu hizi, zikishatoka hazirudi. Hakuna meneja wa kumwendea ukalia. Mwaka juzi mtu alinila pesa hivi hivi, na Swaleh alinicheka wiki nzima. Wakati huo Swaleh alikuwa mume wangu, na kampuni ilikuwa yetu wawili. Nilijiapiza sitachekwa tena. Sasa hata wa kunicheka hayupo.

Joto. Nimekula mkate na chai, mara mbili.

Ijumaa, 7 Februari

Haruni ameniandika kwenye kundi la watu wa biashara ya mtandaoni. Jina la kampuni, na langu. Ameandika "mwizi".

Kabla ya adhuhuri wateja wawili walikuwa wamekwisha kupiga simu. Wa duka la dawa alisema kwa upole, "Rukia, sisi twakujua, lakini mambo gani haya?" Upole wake umeniuma kuliko lile neno. Nikajibu kundini mbele ya wote: huyu ni tapeli, msimsikize.

Kisha nikataka kumweleza mtu. Nimeyapitia majina yote kwenye simu, toka mwanzo hadi mwisho. Kaka yuko Muscat, kazini saa hizi. Wengine ni wateja, mafundi, jamaa wa Swaleh. Nimeiweka simu chini.

Jumapili, 9 Februari

Haruni amepiga. Miaka minne mteja wangu, na leo ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake. Nilidhani ni kijana. Ni mtu mzima, anakohoa.

"Dada Rukia, habari ya pesa tuiwache kwanza. Wewe ile tovuti umewahi kuifungua ukaitazama?"

Nikamwambia si kazi yangu kutazama ya wateja.

"Basi itazame."

Akaniambia kuna mama mmoja kijijini kwao ambaye kila Alhamisi hutembea hadi mjini, kwenye duka la kompyuta, kutazama kama kuna habari ya mwanawe. Alhamisi hii alikuta ukurasa mweupe. Akadhani wamefunga kwa sababu wote wamekwisha kufa. Walimtoa dukani wamemshika.

Nikasema nitaangalia. Akakata.

Nimeifungua kutoka upande wangu. Ni majina. Watu waliopanda mashua kwenda kutafuta maisha ng'ambo na hawakusikika tena. Picha, umri, nguo walizovaa siku ya kuondoka. Mmoja ana jezi ya mpira ya bluu na meno ya mbele yamepishana. Chini ya kila jina, nani anamtafuta. Wengine wamepatikana: yuko gerezani, yuko hospitali, amepiga simu. Wachache.

Nimesoma hadi alasiri ikanipita.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeitafuta ankara niliyompelekea Haruni. Nimeisoma herufi kwa herufi, kidole kwenye kioo.

Anwani iliyo chini ya ankara si ya kampuni. Ni ya pochi ya Swaleh. Ndiyo tuliyoitumia zamani, tulipokuwa pamoja. Baada ya talaka nilikaa siku mbili nikibadilisha kila kitu: jina, nambari za siri, akaunti. Ankara za wanaolipa kwa simu nilizibadilisha zote. Hii ya sarafu nikaisahau, kwa kuwa ina mteja mmoja tu.

Haruni alilipa palepale nilipomwambia.

Kosa langu. Niliambiwa mara moja nilitazame, sikulitazama. Nimemwita mtu mkweli tapeli mbele ya watu.

Saa tatu na nusu nimemfungulia tena tovuti yake. Nikamwandikia. Barua ya kwanza ilikuwa ndefu, nikaifuta. Niliyopeleka: Ulilipa. Kosa ni langu. Nisamehe.

Hajajibu.

Jumanne, 11 Februari

Lazima nimpigie Swaleh. Sikumpigia. Nimefua mapazia.

Jumatano, 12 Februari

Nimempigia. Miezi kumi hatujasemezana. Alipokea upesi, kama aliyekuwa akingoja.

Tukasalimiana kirefu, kama watu wa heshima. Nikamuuliza kuhusu pesa zilizoingia kwenye pochi yake mwezi uliopita.

Akasema, "Kumbe hukuzituma wewe?"

"Kwa nini nikutumie pesa, Swaleh?"

"Mtoto alizaliwa wiki ile. Nilidhani umesikia. Nilidhani ni hongera yako." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilimwambia mamangu, Rukia ana moyo."

Sikujua kama ana mtoto. Hakuna aliyeniambia. Mji mdogo huu, mtaa mzima wa Kuze lazima unajua, na Bi Zuhura anajua, na wote wamenifichia kwa kunionea huruma. Miaka tisa mimi na yeye, kwa madaktari na kwa masheikh, hatukupata.

Akasema amekwisha kuzitumia hospitalini, mkewe alijifungua kwa kupasuliwa. Atazirudisha kidogo kidogo. Nikasikia mtoto akilia nyuma yake, na mwanamke akimbembeleza.

Nikamwambia asirudishe. "Iwe hongera kweli," nikasema. "Mungu amkuze."

Sikusema kwa wema. Nilisema ili asije akanipigia kila mwezi.

Nimemuuliza ni mvulana au msichana. Msichana. Jina sikuuliza.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeandika kundini. Nimesema Haruni alilipa, anwani ilikuwa mbovu, mbovu kwa uzembe wangu, na niliyomwita nayafuta. Sikuweka udhuru wowote. Watu wawili wamenisifu. Mwenye hoteli moja ameniomba nakala ya mafaili yake yote, "kwa tahadhari tu". Anahama. Namwelewa.

Jioni Haruni akajibu. Nainakili: "Dada Rukia, nimekusamehe, Mungu ni shahidi. Lakini tovuti hii nitaihamisha. Siwezi tena kuiweka mahali ambapo mtu mmoja akikasirika inazimika."

Nimeisoma mara nyingi. Hakuna neno la matusi ndani yake. Ningependa liwepo.

Nilitaka kumwomba abaki. Nimeandika, nimefuta. Nimemwambia nitamhamishia mwenyewe, bila malipo.

Jumatatu, 17 Februari

Siku tatu nahamisha. Picha ni nyingi na mtandao wa Haruni dhaifu, unakatika, naanza tena. Nimezikagua moja moja nisipoteze mtu. Mahali pengine picha ilikuwa imepindishwa, nikainyoosha. Mahali pengine jina limeandikwa mara mbili, nikamuuliza. Amejibu, "Ni ndugu wawili wa jina moja, waache."

Nimewaacha.

Nimeuliza kuhusu yule mama wa Alhamisi. Amesema amekwenda tena, ameikuta. Habari ya mwanawe bado.

Jumanne, 18 Februari

Asubuhi Haruni ameandika kwamba yote yamefika na huko yanafunguka. Ameniomba nifute yaliyobaki kwangu. Ni haki yake. Mashine imeniuliza kama nina hakika. Nikakubali. Ikauliza tena. Nikakubali.

Baada ya alasiri nimeoga, nimevaa buibui, nimetoka. Sikuwa na pa kwenda. Nimepita vichochoroni hadi barabara kubwa, hadi sokoni Marikiti. Muuza samaki alikuwa anakusanya vitu vyake. Nikamwomba tafi.

"Wangapi, dada?"

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

Nikamwambia mmoja watosha. Akamparia magamba, akamfunga kwa gazeti. Nimerudi nyumbani, nimemkaanga, nimemla, nimemmaliza.