Blanketi Kwenye Tundu la Hewa

Ghala la Gatini, Vardø
11 Februari 1996

Mpendwa dada Gunnvor,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje, na mama anapata usingizi siku hizi? Mimi mzima, ila mgongo umechoshwa na magunia ya chumvi. Ningepiga simu, lakini kwa simu ungesema nimelewa.

Ni habari ya Ylva wako. Ile bendi ya roki ya vijana wa Trondheim, iliyomwita apige fidla kwenye albamu yao, imepanga ghala letu la zamani la samaki. Mimi ndiye ninayewafungulia mlango na kuwajazia jiko mafuta. Anakuja mgeni mmoja, anapiga wimbo wake, anaondoka, anakuja mwingine. Ni vijana wazuri. Wananipa kahawa, wananiita babu.

Lakini wamezima feni ya kutolea hewa chafu. Sindre, mwimbaji wao, aliniambia, "Babu, feni yako inaimba kuliko mimi!" Wakacheka wote. Kisha wakasikia upepo unapiga filimbi kwenye tundu la hewa na maikrofoni zinaunasa, wakaliziba kwa blanketi. Jiko wameliacha linawaka, maana vidole vikiganda hakuna muziki.

Mpiga tarumbeta alitapika. "Bia za jana hizo, kaka!" wakamtania. Akafuata mama mmoja mpiga kodiani, akaanguka kitini katikati ya wimbo, nikambeba nje. Alipozinduka, Sindre alikuwa anasikiliza tepu macho kayafumba. "Sikieni pumzi inavyomwishia hapa. Tamu! Hatukati hata kidogo." Nikalitoa blanketi. Kesho yake nikalikuta limerudi, limepigiliwa misumari.

Nimewaambia ni sumu ya jiko, haina pa kutokea. Nimewasimulia baba mdogo Eivind, jinsi tulivyomkuta amekufa kibandani kwake karibu na jiko, mashavu mekundu kama mtu aliyetoka kuoga. Mmoja akauliza kama wanaweza kumtungia wimbo.

Jana paka wao hakuamka. Wamemzika nyuma ya ghala, na albamu wataipa jina lake.

Dada, mzuie mtoto. Sema lolote, sema mama anaumwa.

Nisalimie mama, na Halvard na mapacha wake. Mungu awafunike nyote.

Kaka yako anayekupenda,
Torleiv

Barua nimeifungua tena. Ylva amefika kwa meli ya asubuhi. Kabla hawajaanza kurekodi nimevunja dirisha la ghala kwa shoka, na kazi nimefukuzwa. Ylva alinipigia kelele mbele ya watu, "Mjomba, umeniaibisha! Sitaki hata kukuona!" Sindre anasema hakuna shida, wamepata kibanda cha boti ng'ambo ya gati, kidogo, hakipitishi upepo hata chembe. Mwanao kawafuata.

Jiko wamelibeba.

Njoo mwenyewe, dada. Mimi nakwenda kukaa mlangoni kwao na shoka.