Kompyuta Inazubaa Mama Mkwe Akiwepo

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo nililolipigia hesabu mpaka nimeshindwa. Mimi ni fundi wa mageti, kuchora kwa kompyuta nimejifunza mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu, na wateja huja sebuleni kwangu kuchagua maua ya geti, sasa tangu mama mkwe ahamie kwetu mchoro mmoja unachukua dakika nne kufunguka, mteja anaangalia saa, anaaga, harudi. Nimefuta picha, nimeongeza memori, fundi kompyuta kaondoa virusi, wapi! Lakini mama alipokwenda kwa dada yake, mchoro uleule ulifunguka kwa sekunde kumi na tano, karudi tu, dakika nne tena, na mama wa watu hagusi hata kitufe, yeye ni kuifuta vumbi na kuifunika kwa vitambaa anavyofuma mwenyewe, juu, ubavuni na nyuma, vimekaa kama vimepimwa. Nikamwambia mke wangu, "Hebu mama akakae kule mwezi mmoja tuone." Akanijibu, "Sema tu umemchoka." Mama kasikia, na tangu jana anakunja nguo zake kimyakimya. Simfukuzi, mshauri, nataka kujua tu: mtu anaipunguzaje kasi mashine asiyoigusa?

Fundi Mageti

Fundi Mageti, pole kwa wateja. Pole yangu inaishia hapo. Kipimo chako kizuri, jibu umelisoma vibaya. Mama alipoondoka, nani aliifunika kompyuta? Hakuna. Matundu yale ya nyuma na ubavuni ndiyo pua yake. Ukiyaziba joto linabaki ndani, na mashine ikizidiwa na joto inajipunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Wewe unachomelea vyuma kutwa nzima, joto hukulifikiria, ukamfikiria mkweo!

Izime, chomoa waya, safisha matundu kwa brashi laini, isogeze mbali na ukuta. Ikibaki nzito, niandikie, nitakuwa nimekosea mimi.

Lakini kabla ya kuizima, nenda kwa mama, mkeo akiwepo. Usianze kufundisha. Sema, "Mama, nisamehe, nilikisia vibaya. Hebu weka mkono hapa nyuma." Akishausikia moto huo, mwombe avitoe vitambaa yeye mwenyewe. Nguo zake azirudishe mkeo kabatini. Wewe keti hapo sebuleni na mama, umwonyeshe mageti yako. Nina hakika hajawahi kuulizwa lipi zuri.