Komeo Liko Upande wa Kuume

Jumatano, alasiri. Joto limenikalia kichwani tangu asubuhi. Mawingu yamejaa juu ya milima ya Bubanza lakini hapa Gasenyi, pembeni mwa mji, hakuna hata tone. Kaka yangu amelala sebuleni na viatu vyake miguuni, nami nimejifungia chumbani niandike, maana nisipoandika nitalia, na nikilia atanisikia.

Sijui nifanye nini.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: kaka yangu Salvator analima shamba la mama, kule juu karibu na msitu. Nguruwe pori wanashuka kula mahindi na mihogo ya kilima kizima, na Salva ndiye anayewakabili kwa mkuki kwa sababu wengine wote wanaogopa. Mwezi uliopita dume moja lilimpasua shavu la mguu. Alishonwa, akapumzika siku chache, akarudi shambani akichechemea na mkuki uleule. Mama ananipigia simu kila asubuhi kuniambia kwamba Salva yu hai. Hana habari nyingine, anasema hiyo tu na kukata.

Wakulima wa kilima walihangaika mpaka wakapewa kibali cha bunduki moja ya kuwinda, kwa jina la Salva. Kibali kinaisha Ijumaa. Bunduki isiponunuliwa kabla ya hapo ni kuanza upya, na sisi tunaoishi hapa tunajua kuanza upya ni nini. Walichanga walichoweza, ambacho ni kidogo, wakanipa mimi kazi ya kuchagua. Eti mimi nakaa mjini, nina intaneti, nimesoma.

Mimi! Mtu ambaye akimwona askari barabarani huangalia ndala zake mpaka apite.

Wiki tatu nimesoma mambo ya bunduki kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa taifa. Kazini wenzangu walidhani nimepata mchumba. Nilijifunza kwamba kwa pesa kidogo ni heri bunduki iliyotumika lakini imetunzwa kuliko mpya ya ovyo. Kwamba tusipoteze pesa kwenye darubini, kwa kuwa nguruwe wa kwetu anatokea hatua thelathini kutoka ulipo. Kwamba mtu aulize kwanza risasi gani zinapatikana hapa, ndipo apende bunduki. Kwamba aina inayotufaa ni ile ya kuvuta komeo: ukipiga, unainua kishikio cha chuma kama unafungua mlango wa choo, unakivuta nyuma, ganda linaruka, unakisukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Ni rahisi, haiharibiki upesi, na haili pesa ya mafundi.

Nilijaza daftari. Nilijiona mjanja kweli.

Duka lenyewe liko Rohero, katikati ya mji, mlango wa chuma, huingii bila kuonyesha kibali. Mwenye duka ni Papa Zawadi, Mkongomani wa Uvira mwenye sauti ndogo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilikuwa nimeshakwenda kwake mara mbili na daftari langu. Nilichagua moja iliyotumika, tukamulika ndani ya mtutu kwa tochi, tukaona hakuna kutu. Komeo linateleza vizuri, kitako cha mbao hakina ufa, na bei, baada ya mimi kumsihi mpaka akacheka, ilifika tulipoweza. Akaniwekea pembeni. Leo nilimleta Salva aishike tu, tusaini, tuondoke.

Salva aliipokea, akaiweka begani. Bega la kushoto.

Kishikio cha komeo kiko upande wa kuume, na Salva alilazimika kuiachia bunduki karibu yote, apitishe mkono juu yake kukitafuta. Papa Zawadi alivua miwani.

"We unashikaka na mukono gani, ndugu yangu?"

Salva aliihamisha bunduki haraka, akaiweka bega la kuume, kama mtoto aliyefumaniwa.

"Mi naweza na ya kuume," akasema. "Nilifunzwa."

Mtutu ulikuwa unayumba. Tena jicho lake la kuume halioni vizuri tangu utotoni, na mimi nalijua hilo. Nilijua yote hayo! Wiki tatu niliuliza kila kitu kuhusu bunduki, sikuuliza hata mara moja kuhusu mkono wa mtu atakayeishika.

Bunduki zenye komeo la kushoto zipo, lakini ni za kuagiza. Zinachukua miezi, na bei yake hata sikumaliza kuisikia.

"Tusikate tamaa," Papa Zawadi akasema. "Apige na ile mukono yake ya kushoto. Mbele aegemeze bunduki kwa muti yenye panda. Ile ya kuume inabaki bure, inavuta komeo. Risasi ya kwanza haina shida, mama. Shida ni ya pili. Nguruwe yenye kuumia inarudiaka mutu."

Alimletea kigoda kirefu amfanyie mfano. Ningefurahi kiasi gani! Ilikuwa inawezekana, na kwa bunduki ileile. Lakini dukani walikuwapo wateja wengine wawili, wanaume, wanatazama. Salva akawaangalia, akatikisa kichwa.

"Apana. Watu watasema nini? Nitapiga na ya kuume."

Akatoka nje. Papa Zawadi akaniambia polepole kwamba anatuwekea mpaka kesho, na kwamba yeye hapendi kumuuzia mtu kifo chake.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kulisema hapa wala popote.

Tulikulia Bwiza. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa adabu, na mtoto wa shoto kwake ilikuwa aibu ya nyumba. Alimfunga Salva mkono wa kushoto kwa vipande vya kitambaa, mgongoni, wakati wa kula na wakati wa kuandika. Akiwa dukani kwake hakuweza kumchunga, kwa hiyo alinipa mimi kazi hiyo. Nilikuwa na miaka sita. Nikimwona Salva ametumia kushoto, nimwambie baba jioni. Kila nikisema, baba alinipa kifungo kizuri kutoka kwenye droo yake, na Salva alipata fimbo.

Nilijaza mkebe mzima wa maziwa ya unga.

Vingine nilivipata kwa kusema uongo. Nilitaka kile cha bluu.

Salva hakujua. Mpaka leo anadhani baba alikuwa na macho kila mahali. Aliwahi kuniambia, tukiwa wakubwa, kwamba baba alinipenda mimi sana, angalia alivyonipa vifungo. Nilikubali kwa kichwa na kubadilisha mazungumzo. Naona aibu kuandika hili.

Leo mchana nilimpakulia wali na maharage. Kijiko nilikiweka upande wa kushoto wa sahani, makusudi. Hapakuwa na mtu mwingine, mlango umefungwa, ni mimi na yeye. Alikitazama. Akakihamishia kuume, akala taratibu, akimwaga maharage kidogo mezani kama anavyomwaga siku zote, na kuyafuta.

Ana miaka arobaini na moja. Atakwenda kusimama mbele ya dume la nguruwe na bega lisilo lake, kwa sababu ya mkebe ulio juu ya kabati langu.

Nikimwambia anaweza kunichukia. Anaweza kuondoka leo hii, kibali kife, arudi kwenye mkuki. Nimelipima hilo tangu nilipokaa hapa. Nisipomwambia, kesho atasaini na ataipiga kwa kuume, na asubuhi moja mama atanipigia simu na habari nyingine.

Nimepanda kitandani nikauteremsha mkebe. Vifungo vimelia ndani. Sebuleni kitanda cha mbao kimelia pia.

"Iko nini hiyo?" ameuliza Salva.

"Ni vifungo yako," nimemjibu.

Ananiuliza vifungo gani. Naacha kuandika hapa, nafungua mlango.