Mikayi Amepanda

Alhamisi, Machi 1996. Nyumbani, karibu na Kosele. Mvua imenyesha alfajiri ikakatika kabla ya chai, na sasa jua linawaka na shamba linatoa mvuke. Mgongo unaniuma. Moyo umetulia.

Kosa tunalofanya wengi kwa mtu aliyeanza kupotewa na mambo ni kumtahini. Tunaingia kwake, hata hatujaketi, tunauliza: "Unanijua? Mimi ni nani?" Akikosa tunatazamana. Akipata tunampigia makofi kama mtoto wa chekechea. Katika boma hili mimi ndiye niliyelifanya kosa hilo zaidi ya wote. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini, na nilidhani mtu hujulikana kwa maswali.

Mgonjwa wetu ni Dorsila, mke wa kwanza wa marehemu mume wetu. Kwetu Wajaluo mke wa kwanza ni Mikayi, na mimi niliyeolewa wa pili ni Nyachira. Yeye na mimi tunaitana nyieka, yaani mke mwenzangu. Wapo wanaolitamka neno hilo kwa meno yaliyoumana. Sisi hatujawahi.

Yapata miaka miwili sasa tangu mkono wake wa kushoto ulipolegea asubuhi moja. Jioni ulirudi, tukasema ni uchovu. Baadaye akawa mzito wa kujibu. Akabandika sufuria mekoni bila maji. Akalia machozi kwa sababu kuku ameingia ndani. Majirani wakaanza kunong'ona kuwa ni chira, ile laana ya aliyevunja mwiko. Wenye huruma walisema ni uzee.

Si chira, wala si uzee. Hospitalini Homa Bay daktari alimpima presha, akaonekana hakuamini, akapima tena. Akatuambia ni dimensia inayotokana na mishipa ya damu. Nilimwomba anieleze polepole, naye akaniuliza kama nayajua mabomba ya maji ya mjini. Bomba likiziba mahali, akasema, nyumba zilizo mbele ya pale hukauka, na za jirani zinaendelea kuteka maji kama kawaida. Ndivyo ubongo wa Mikayi ulivyo. Presha imeharibu mishipa midogo, na kila unapoziba mmoja, sehemu fulani inakufa. Ndiyo maana anaweza kukumbuka jina la ng'ombe wa mahari yake na asijue aanze wapi kuvaa gauni.

Alisema pia kwamba ugonjwa huu mara nyingi haushuki kama mteremko. Mtu hukaa palepale miezi kadhaa, halafu siku moja anadondoka hatua nzima. Kilichokufa hakifufuki. Vidonge vya presha ni vya kulinda kilichobaki, kwa hiyo havisimamishwi eti kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri.

Nilielewa yote. Niliyaandika hata kwenye daftari. Kisha nikarudi nyumbani nikaendelea kumtahini.

Kila asubuhi nilimuuliza leo ni siku gani, jana tulikula nini. Siku moja nikamuuliza: "Nyieka, una watoto wangapi?" Akasema, "Watoto hawahesabiwi." Nikahuzunika, nikajiambia kwamba hata watoto wake wamemtoka. Ilinichukua siku tatu kugundua kwamba jibu lilikuwa sahihi. Hakuna mama wa Kijaluo anayekaa akahesabu watoto wake kama mbuzi. Aliyesahau adabu nilikuwa mimi, mwenye cheti.

Sasa nifike kwenye jambo la wiki hii.

Katika boma letu hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya Mikayi. Si mimi, si wake za wanawe. Mvua ikishuka, yeye hupanda kwanza, ndipo sisi tunafuata. Msimu uliopita alipanda bado akiwa na nguvu. Baada ya Krismasi alidondoka hatua moja, na mvua ya mwaka huu imemkuta hivyo.

Jumatatu tulikwenda shambani wote, na hilo lilikuwa kosa jingine. Watu tisa ukingoni mwa shamba, na kila mmoja ana amri yake. "Mama, shika jembe!" "Mama, mbegu ziko hapa!" "Si huko Mama, huku!" Mikayi aligeuka upande huu, akageuka upande ule. Ouma, mwanawe wa kwanza, akamshika bega akamuuliza kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto: "Mama, kupanda unakukumbuka kweli? Mimi ni nani?"

Mikayi alimwaga kibuyu cha mbegu, akaketi chini kwenye udongo, akalia.

Jana Ouma alikuja nyumbani kwangu. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. "Mama Mdogo," akasema, "panda wewe. Wazee nimeshaongea nao, watakubali Mama arukwe. Wenzetu mahindi yao yameanza kuchungulia. Tukingoja zaidi tutavuna majani."

Kuhusu mahindi alisema kweli. Lakini nimeishi vya kutosha kujua kuruka maana yake nini. Mikayi akisharukwa, amerukwa. Sijawahi kuona aliyerudishiwa nafasi yake msimu uliofuata. Angebaki pale nyumbani akila na kulala, na watu wangeanza kumsema mbele yake kama mtu aliyekwisha kuzikwa.

Na huyu ndiye aliyenitoa gizani. Nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu, huko kwetu Migori, nilikuwa na mtoto wa miezi saba. Mume wetu alikataa. Mikayi alimchukua mtoto mgongoni, akamwambia mume mbele yangu, "Mtoto hana haja ya mama aliyekasirika. Ana haja ya uji, na uji najua kupika." Akanigeukia: "Nenda. Ukirudi bila cheti usinisalimie." Miaka miwili alimlea. Kila mshahara niliopokea maishani ulipitia mgongoni mwake.

Nikamwambia Ouma, "Nipe asubuhi moja. Usije wewe, wala asije mtu."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa nitapanda."

Usingizi haukuja upesi, kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Leo nilingoja mpaka amekunywa chai na vidonge vyake. Asubuhi, baada ya chai, ndipo anapokuwa safi zaidi. Ikifika saa sita anachoka na kila kitu kinamchanganya. Tukaenda shambani wawili tu. Sikumuuliza anakumbuka nini. Sikumwambia "twende tukapande", maana nimeanza kuelewa kwamba neno hilo moja lina kazi sita ndani yake, na kinachomshinda si kazi, ni kuzipanga.

Nilimtia jembe mkononi. Nikasema, "Nyieka, chimba hapa." Nikanyamaza.

Kunyamaza ndiko kulikonishinda zaidi. Alisimama akiliangalia jembe. Ulimi wangu ulikuwa unawasha. Nilisoma Baba Yetu moyoni mpaka mwisho, nikaanza tena. Katikati ya ile ya pili akainua jembe, likashuka, shimo likatokea. Shimo zuri, la kina cha kiganja.

"Tia mbegu." Nikangoja. Punje tatu.

"Funika." Akasukuma udongo kwa kisigino, akaubonyeza, vilevile alivyofanya tangu nilipomwona mara ya kwanza nikiwa bibi arusi.

Shimo la pili nilimwelekeza. La tatu nilimwelekeza nusu. La nne mikono yake ilikwenda yenyewe. Mimi nikachukua jembe langu nikachimba kandokando ya lake, bila kutia mbegu, ili tu awe na mwenzake. Akasimama. Akaliangalia shimo langu.

"Nyieka," akasema, "unapanda mahindi au unazika mtu?"

Nikacheka mpaka nikashika kiuno. Naye akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho sijakisikia tangu mwaka jana. "Walimu hawa," akaongeza, akaendelea na mstari wake.

Mistari miwili. Wa pili ulipinda kidogo mwishoni, na hakuna mtu atakayeunyoosha.

Ouma alikuwa amejificha nyuma ya uzio wa ojuok, ile minyaa yenye utomvu, akitazama. Hakuweza kukaa mbali. Alipojitokeza Mikayi alimwita kwa jina la marehemu baba yake, akamwambia, "Umechelewa. Mimi nimeshapanda." Niliona mdomo wa Ouma ukifunguka kumsahihisha. Ukafungwa. "Naona," akasema. "Umepanda vizuri." Halafu akaenda mbio, mzee mzima, kuwaita wengine waje na mbegu.

Sasa ninapoandika ni saa kumi jioni. Shamba zima limejaa watu na kelele za wake za wanawe wanaodaiana majembe. Mikayi ameketi karibu nami kivulini. Ameniuliza mara nne kama tumepanda. Mara nne nimemjibu, "Umepanda wewe kwanza," na mara nne amefurahi kama habari mpya. Zamani ningemwambia ameshauliza. Siku hizi naona nimepewa nafasi ya kumfurahisha mara nne kwa jambo moja.

Sijidanganyi. Daktari hakutuficha, hatua nyingine itakuja. Huenda mvua ijayo hata jembe halitamjua mkononi, na siku hiyo nitashika mkono wake na mbegu zikiwa ndani yake, na kama hata hilo halitawezekana tutalia, kisha tutapanda. Lakini msimu huu ni wake. Hakurukwa. Namshukuru Mungu kwa mvua iliyotungoja, kwa vidonge vilivyopatikana, kwa Ouma aliyefunga mdomo, na kwa mwanamke huyu ambaye hata sasa bado ananisahihisha kazi yangu.

Kama nyumbani kwako kuna mtu wa namna hii, leo mwambie jambo moja tu la kufanya, kisha nyamaza mpaka amalize.