Kocha Aliyezima Sauti

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, hofu ni kwako na hayo magoti. Mwanetu hapa kwangu anakula vizuri, na kocha wake, yaani mimi, bado hajamchoka. Siku hizi narekodi kila mechi ya magongo kwa simu, halafu tunaitazama ukutani darasani, polepole. Kila msichana wa timu anajionea mwenyewe alivyoshika gongo, alivyochelewa kuinama. Mwanao sasa ndiye beki ninayemtegemea.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Mtoto ameshuka basi jana bila taarifa, na begi moja. Anasema harudi kwako, na magongo basi. Nikimuuliza, anajifunika shuka gubigubi. Umemfanya nini mwanangu?

Dada yako

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara tatu. Tulifungwa fainali. Mpira ulimpita mwanao miguuni, naye kasimama kama mlingoti. Jumatatu iliyofuata nikaonyesha kipande hicho cha video mbele ya timu nzima, mara tisa. Wenzake walicheka. Na mimi nilicheka, dada. Alipotoka nilidhani anakwenda chooni.

Huwa nazima sauti ya video ili wanisikilize mimi. Juzi niliiwasha. Kabla mpira haujamfikia, kuna mtu anapiga kelele pembeni: "Uache! Uache huo!" Ni mimi. Nilidhani unakwenda nje ya goli. Mtoto alinitii tu. Sina uso wa kukutazama.

Mdogo wako

5 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimemsomea. Akaniuliza, "Wenzangu wameisikia hiyo sauti?" Nami nakuuliza hilo hilo.

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Leo wameisikia. Nilifungulia sauti yote, nikasimama kando ya ukuta wanione vizuri. Hakuna aliyecheka. Golikipa akauliza, "Kocha, kwa hiyo siku ile alijua ni wewe, akanyamaza?"

Nikamjibu ndiyo. Alinitunzia heshima yangu mbele yao, nami huku namvua yake.

Jumamosi nakuja. Asipotaka kuniona usimlazimishe. Nitakaa nawe jikoni, halafu nitapanda basi la jioni.

Mdogo wako